Apewe Ruhusa

Tulimzika Mzee Osmund Jumamosi, kijijini kwao upande wa Ruanda, hukuhuku Mbinga. Kabla jeneza halijatolewa uani, msomaji wa wasifu wa marehemu alifika mahali akainua sauti: "Ndiye aliyewapa wananchi wa Mbinga na Nyasa sauti yao katika mtandao." Watu wakatikisa vichwa kwa huzuni. Mimi nikacheka. Hilda, niliyeketi naye mkeka mmoja, akanifinya paja. "Winfrida, huu ni msiba," akanong'ona. "Najua ni msiba," nikamjibu. "Ndiyo maana watu wanasema uongo." Akajifunika uso kwa kitenge, mabega yakaanza kutikisika, na mama mmoja wa mbele yetu akageuka kumpa pole.

Sina ugomvi na marehemu. Alinipa kazi nilipokuwa sina, na mvua ikinikuta barabarani alisimamisha gari. Lakini sauti hakumpa mtu. Sauti aliiwekea mlango, na mlango huo nilimtengenezea mimi, mwaka ule nilipotoka chuo kikuu na shahada ya mifumo ya kompyuta na tabia ya kuuliza "kwa nini" hata pale watu wanaposalimiana tu. Nilikozaliwa na walionilea nitawaacha wapumzike, hawahusiki. Habari hii ni ya ofisi moja, tovuti moja na neno moja.

Ofisi ilikuwa ghorofani, mjini Mbinga, juu ya duka la vifaa la Mzee Salumu, ambaye babu yake alitoka Kilwa na ambaye, ingawa alizaliwa hapahapa, kila ikifika Juni aliilalamikia baridi kana kwamba ameshuka kwenye basi jana. Harufu za duka lake zilitupandia kupitia nyufa za sakafu ya mbao: mafuta ya taa, kamba mpya, sabuni za mche, na usipa, dagaa wakavu wa Ziwa Nyasa, aliokuwa anawauza pembeni kwenye debe. Tulifanya kazi na makoti. Saa nne Hilda, katibu muhtasi, alichemsha chai ya tangawizi, akafungua bakuli la mihogo iliyochemshwa, na hapo ndipo mazungumzo ya siku yalipoanza. Niliwahi kumuuliza kwa nini ofisi ya shirika lenye wakulima wengi wa kahawa inakunywa chai. "Kahawa ni ya kuuza," akasema. "Wewe ukiinywa, tutauza nini?" Kati ya chumba chetu na cha mkurugenzi, Mzee Osmund, palikuwa na ukuta wa mbao uliozuia macho tu. Simu zake zote tulizisikia. Akiongea na wafadhili sauti yake ilishuka, akiongea na mkewe ilishuka zaidi, na akiongea na sisi ilipanda mpaka Mzee Salumu chini akaitikia, "Naam!"

Shirika lilikuwa la wakulima wa milimani na wavuvi wa ziwani, jina lake nitaliacha. Kila kata ilikuwa na mwandishi wake wa kujitolea, na wote walitumia paswadi moja kuingia kwenye tovuti. Kwa muda mambo yalikwenda. Halafu mwandishi mmoja wa milimani akaweka tangazo la kuuza ndama wake, mwingine akaweka picha za harusi ya shemeji yake, na siku moja mtu asiyejulikana akaondoa picha ya mkurugenzi ukurasa wa mbele na mahali pake akaweka fahali wa maonyesho ya wakulima. Fahali alikaa pale wikiendi nzima. Jumatatu Mzee Osmund akaniita. "Tovuti imekuwa kilabu cha pombe," akasema. "Kila habari ipite kwangu. Isitoke bila mimi. Na ikishatoka, isiondolewe na mtu mmoja. Weka kufuli mbili." Nikamuuliza, "Hata wewe, Mzee?" Akasema, "Hata mimi. Leo nipo, kesho atakuja mwingine afute kazi yangu yote."

Nikauchora mfumo kwenye karatasi kubwa, nikaubandika ukutani. Mwandishi anaandika rasimu, anabonyeza "Wasilisha." Mhariri, yaani mimi, anasafisha na kuipeleka mbele. Mwidhinishaji, yaani yeye, anabonyeza "Idhinisha," ndipo habari inatoka. Kuondoa habari kunahitaji idhini yake na ya mhariri pia. Aliupenda ule mchoro. Alisimama mbele yake akiwa ameshika kikombe kama mtu anayetazama ramani ya shamba lake. "Na usipojibu?" nikamuuliza. "Vipi nisipojibu?" Nikaeleza kwamba naweza kuweka muda: habari ikikaa kwake bila jibu, irudi kwa mwandishi pamoja na sababu. Akanitazama kwa upole. "Binti yangu, mkurugenzi hatoi sababu kwa mashine." Kwa hiyo sikuweka muda. Habari ikiingia kwake ingeweza kukaa mpaka ioze, na kwenye skrini ya mwandishi yangebaki maneno mawili tu: Inasubiri idhini.

Vitufe vyote nilivitafsiri mwenyewe, maana nilikataa mama wa Chiwanda aelekezwe kwa Kiingereza jinsi ya kuandika habari za Chiwanda. Penye kitufe cha mwandishi kuomba nguvu zaidi, tuseme kurekebisha ukurasa wa kata yake bila kunisubiri, niliandika: Omba ruhusa. Wiki ya kwanza maombi yakaingia kwa fujo. "Naomba ruhusa ya siku mbili, nauguliwa na mama." "Naomba ruhusa, tuna msiba." Mkulima mmoja wa Litembo aliandika: "Naomba ruhusa hadi tumalize kuchuma kahawa, nitaripoti kazini Agosti." Hilda alicheka hadi akaweka kikombe chini. Lakini walikosea nini? Katika ofisi zote walizowahi kuingia, ruhusa ni kitu kimoja: unamwendea mkubwa, unamweleza ugonjwa wako, anakuachia uende. Hata hospitali mgonjwa akipona tunasema ameruhusiwa, kana kwamba afya nayo iko mezani kwa mtu. Nilikwenda kwa Mzee Osmund kusema nabadilisha neno. Akasoma yale maombi, akatabasamu. "Acha hivyohivyo. Angalau wanajifunza kuomba."

Nilimjua Mama Bosco nilipoteremka ziwani kuwafundisha waandishi wa kata za huko. Ukitoka Mbinga kuteremka Mbamba Bay koti linajivua lenyewe njiani. Jina lake ni Gaudensia, lakini kijijini kwake, kusini kuelekea mpakani, hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa padri. Alikausha usipa, aliongoza kikundi cha akina mama, na alikuwa na mdomo. Tulikaa katika ofisi ya kijiji, chumba chenye dirisha moja, kuku wakiingia na kutoka. "Shikamoo, mama," nikamsalimu. "Marahaba. Wewe ndiye fundi wa kutufunga midomo?" "Ni fundi wa mfumo, mama." "Ndiyo huohuo, mwanangu. Kaa, kula kwanza." Akaleta ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, akasimama akinitazama niumalize ule ugali, mweupe na mnato, ambao mimi mtu wa mahindi niliumeza kwa shida. "Anakula kama anasaini mkataba," akawaambia wenzake, wakaangua kicheko.

Baada ya kula nikaomba maji ya kunawa. Akanipeleka nje kwenye bomba. Nililijua lile bomba. Picha yake ilikuwa ukurasa wa mbele wa tovuti yetu, Mzee Osmund akiwa amefungua koki, maji yakiruka, watoto wakishangilia, na juu yake kichwa cha habari: Maji Yafika Kijijini. Mama Bosco akafungua koki. Ikakohoa, ikanyamaza. "Siku ya uzinduzi lilitoa," akasema. "Lori lilikuja alfajiri likajaza tangi. Tulicheza ngoma, tukanywa soda. Tangi likaisha, wageni wakaisha. Pampu hatujaiona." Akaninawisha kwa maji ya ndoo aliyochota ziwani, kule kwenye matete ambako mtoto wake wa mwisho alipata kichocho, akatibiwa, akakipata tena. Hakuwa analalamika. Alikuwa anapanga sentensi. "Sasa nifundishe kile kitufe," akasema.

Habari yake iliingia kabla sijarudi Mbinga. Ilikuwa fupi. Kichwa: Bomba Letu Halitoi Maji. Alieleza lori, tangi, pampu isiyokuja, watoto na kichocho, na akamalizia kwa swali: Pampu iko wapi? Jina lake likakaa chini, jina lote, Gaudensia. Nilirekebisha alama mbili za mkato na kuipeleka mbele, kisha nikasikiliza ukuta wa mbao. Kitambo kikapita. "Hilda! Huyu mama wa ziwani nani kamwambia kuna lori?" Hilda akajibu bila kuinua macho, "Labda aliliona, Mzee." Mzee Osmund hakuikataa habari, maana kukataa kungehitaji kuandika sababu. Aliiacha tu. Mama Bosco akawa ananipigia. "Kwangu inasema inasubiri idhini. Inasubiri idhini ya kukauka? Bomba limeshakauka bila idhini." Akaiwasilisha tena. Na tena. Kila ilipoingia, simu ya mkurugenzi ililia mlio wa taarifa, na ng'ambo ya ukuta tulisikia akishusha pumzi.

Jumatatu moja kwenye kikao, mihogo ikiwa katikati ya meza, Mzee Osmund akafikia jambo hilo. Hakuwa mtu wa kusema neno "fukuza". Aliliona la kihuni. Akafuta vidole kwa leso, akasema, "Yule mama Gaudensia amechoka. Anahitaji kupumzika. Apewe ruhusa. Winfrida, shughulikia leo." Hilda akaacha kutafuna. Nilijua alichomaanisha, sitajifanya sikujua. Alimaanisha akaunti yake ifungwe, kijiji kile kikae kimya, na picha ya maji yanayoruka ibaki pale juu. Lakini neno alilochagua lilikuwa langu pia. Aliliacha kwenye mfumo kwa sababu lilimfurahisha kuona watu wakiliomba, na sasa amelitamka mwenyewe, mbele ya shahidi. "Apewe ruhusa, Mzee?" nikauliza. "Nimesema apewe." "Leo?" "Leo hii, Winfrida, kwani unaandika shairi?"

Nikarudi mezani kwangu, nikafungua jina la Gaudensia, nikampa ruhusa. Zote zilizowezekana kwa mwandishi: kurekebisha, kuweka picha, kuchapisha bila kupita kwa mtu. Kisha nikampigia.

"Mama Bosco, umepewa ruhusa."

"Nimefukuzwa?"

"Hapana. Ruhusa ya kuchapisha. Habari yako ukiibonyeza inatoka."

Nikasikia kuku, na mtu akikwangua sufuria. "Nani kasema?"

"Mkurugenzi mwenyewe. Kwenye kikao."

"Osmund? Alikuwa na homa?"

"Alikuwa anakula mihogo."

Akacheka kwa sauti, halafu akaacha ghafla. "Na wewe, mwanangu, kesho utakula nini?"

"Ugali wa mahindi, mama. Ule wenu sitauweza."

"Haya. Nikibonyeza nisije nikasikia umenilaumu."

"Bonyeza."

Ilitoka kabla ya chai ya jioni. Mzee Salumu ndiye alikuwa wa kwanza kuisoma kwa sauti, chini dukani, akimsomea mteja aliyekuja kununua misumari, na kila alipofika nukta aliongeza la kwake: "Lori! Astaghfirullah. Wakajaza tangi! Tazama watu hawa." Ng'ambo ya ukuta simu zikaanza. Kwanza mtu wa wilayani, halafu jamaa wa Dar es Salaam wenye asili ya kijiji kile, halafu sauti ile ya kushuka, ya wafadhili. Kisha mlango ukafunguka, Mzee Osmund akasimama mbele ya meza yangu akiwa na miwani mkononi.

"Ondoa hiyo habari."

"Imeshatoka, Mzee. Kuondoa kunataka idhini mbili."

"Yangu nimeshabonyeza." Akamgeukia Hilda. "Inasemaje?"

Hilda akavaa miwani yake polepole, akasoma kwenye skrini yake kama anasoma somo kanisani: "Inasubiri idhini ya mhariri."

"Winfrida, bonyeza."

"Sibonyezi."

"Ni amri."

"Mfumo hauna kitufe cha amri, Mzee. Hukuniagiza."

"Na yule mama nani alimpa uwezo wa kuchapisha?"

"Ulisema apewe ruhusa."

"Ruhusa! Ruhusa ya kwenda kupumzika!"

"Nami nilisikia ruhusa," Hilda akasema, macho yakiwa kwenye kibodi. "Sikusikia ya wapi."

Hapo Mzee Osmund alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivuta kiti, akakaa, akaongea kwa sauti ile aliyowawekea wafadhili. Alisema pampu ipo njiani. Alisema fedha za pampu zilitegemea picha ile, kwamba watu wa mbali hawatoi cha pili kabla ya kuona cha kwanza, kwamba alileta lori ili pampu ije, na sasa kwa habari ile pampu inaweza isije kabisa na akina mama wataendelea kuchota kwenye matete kwa sababu ya binti mmoja mwenye shahada. Nilimsikiliza. Mpaka leo sidhani alikuwa anadanganya, nadhani aliamini. Na ndicho kilichonitia hasira, kwamba mtu anaweza kuamini kijiji kikinyamaza kitanywa mapema kuliko kikisema. "Basi tuandike hivyo," nikamwambia. "Tuandike pampu haijaja, tunaisubiri, na lori lilikuwa la picha. Uandike wewe. Mimi nitaipitisha sasa hivi." Akavaa miwani. "Kesho usije."

"Hiyo ni ruhusa, au nimefukuzwa?"

Hilda akapaliwa na chai.

Nilishuka ngazi na begi langu, Mzee Salumu akaninyooshea usipa waliofungwa kwenye gazeti. "Chukua, injinia. Usibishe, leo nimecheka." Nimeulizwa mara nyingi, na watu wenye nia njema, kama sikuona njia ya busara zaidi: kuongea naye faragha, kusubiri, kupeleka jambo taratibu. Walimu wangu wangesema mtaalamu anatekeleza maana ya mteja, hatekelezi neno lake. Sawa. Lakini habari ya Mama Bosco ilikuwa imesubiri kwa utaratibu kamili, ngazi kwa ngazi, kama nilivyoichora mimi, na utaratibu huo ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa. Hapakuwa na hitilafu ya kurekebisha. Nilikaa bila ajira miezi mingi, nikaweka tovuti za shule na maduka kwa malipo ya kubahatisha, na sikuiona siku hata moja ambayo ningebonyeza kile kitufe.

Pampu ilikuja kabla mahindi hayajakauka mashambani. Sijui kama ililetwa na habari ile au na barua za Mzee Osmund. Yeye alisema barua, Mama Bosco alisema wale jamaa wa Dar es Salaam waliopiga simu mpaka wakaogopwa. Mtaalamu mpya aliyeitwa kurekebisha mfumo alimrudisha Mama Bosco kwenye uandishi wa kawaida, akaikuta sheria ya kufuli mbili, na Mzee Osmund, baada ya kufikiri, akamwambia aiache ilivyo. Bado alimwogopa yule atakayekuja kesho. Hilda akapewa nafasi yangu ya uhariri juu ya ukatibu wake. Kijijini wakafanya uzinduzi wa pili, na Mama Bosco akauandika akaupa kichwa: Bomba Lazinduliwa Tena, Safari Hii na Maji. Mkurugenzi akaipitisha siku ileile, ila kichwa alikibadilisha: Maji Yafika Kijijini. Hivyo ndivyo habari hizo zinavyosomeka mpaka leo ukifungua ukurasa wa kijiji kile na kushuka kwa kidole: maji yamefika, bomba halitoi maji, maji yamefika.

Ile ya katikati nilitegemea kila siku kuikuta imeondoka. Ilihitaji mtu mmoja tu abonyeze. Siku moja, Mzee akiwa bado hai, nilikutana na Hilda sokoni, akiwa ameinama kwenye gunia la maharage, nikamuuliza kama ombi la kuondoa bado liko kwake.

"Liko."

"Na Mzee haulizi?"

"Kila Jumatatu anauliza."

"Unamjibuje?"

Akatupa punje moja iliyotobolewa na mdudu, akachagua nyingine. "Namwambia mtandao unasumbua."